Je, Kila Jicho Jekundu Litiwe Antibayotiki?

Januari 2024 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza mlipuko wa macho mekundu, Dar es Salaam ikiwa imeguswa zaidi, na haukupita muda Mombasa nayo ikawa na wagonjwa wa aina hiyohiyo. Wataalamu walisema mapema kuwa chanzo ni virusi, kwamba ugonjwa hupona wenyewe, kwamba kinga yake ni kunawa mikono na kutochangia taulo, na kwamba watu waache kujitilia dawa jichoni bila ushauri. Ugonjwa huu si mgeni Afrika. Wimbi kama hilo lilianzia Ghana mwaka 1969, likapewa jina la Apollo kwa kuwa lilivuma wakati uleule chombo cha Marekani kilipotua mwezini, na Afrika Magharibi wapo wanaouita hivyo mpaka leo. Virusi havifi kwa antibayotiki. Jambo hilo linafundishwa darasani na kubandikwa kwenye mabango, na bado jicho likianza kuwasha wengi wetu tunapitia duka la dawa kuulizia kichupa cha klorafenikoli au cha jenta.

Msimamo wangu katika mjadala huu ni kwamba jicho jekundu la kawaida lisitiwe antibayotiki, hata pale ambapo huenda ni bakteria waliolisababisha. Faida ya tone hilo kwa anayetiwa ni ndogo mno. Hasara yake inamwangukia mtu mwingine, aliyepata kidonda kwenye kioo cha jicho, ambaye dawa hiyo ndiyo tegemeo lake la kuona tena. Wanaonipinga ni wengi, na baadhi yao wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Wacha waseme.

Mwenye duka la dawa muhimu ndiye anayesimama kwanza, na ni haki yake, maana yeye huonana na mgonjwa kabla ya daktari. "Mteja anaingia asubuhi, tongotongo limemgandisha kope, jicho halifunguki," anasema. "Mimi sina maabara. Nitajuaje kama ni virusi au bakteria? Nikimnyima matone atavuka barabara auziwe duka la pili. Na kama ni bakteria kweli, si nitakuwa nimemnyima tiba?" Nianze na hapo mwisho, tuseme ni bakteria kweli. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanywa Oxford, Uingereza, kwa watoto 326 wenye maambukizi ya konjunktiva, yaani ule utando laini unaofunika weupe wa jicho. Wengi wao walipopimwa walikutwa na bakteria. Nusu walitiwa matone ya klorafenikoli, nusu matone yasiyo na dawa yoyote, na wazazi hawakuambiwa nani amepewa nini. Siku ya 7, kati ya waliotiwa dawa walikuwa wamepona asilimia 86. Kati ya waliotiwa maji matupu walikuwa wamepona asilimia 83. Tofauti hiyo ya asilimia 3 ndiyo faida yote inayonunuliwa. Muuzaji atanikumbusha kuwa mwaka huohuo Uingereza iliruhusu klorafenikoli ya macho iuzwe na mfamasia bila cheti cha daktari. Ni kweli iliruhusu, na mauzo yakapanda. Ruhusa ya kuuza, hata hivyo, haikumponya mtoto hata mmoja zaidi ya waliohesabiwa.

Kuhusu maabara, muuzaji anajidai mnyonge kuliko alivyo. Hahitaji darubini kumtenga mgonjwa wa hatari na asiye wa hatari. Anahitaji maswali machache. Jicho linauma, au linawasha tu? Mwanga unakuumiza? Unaona ukungu hata baada ya kufuta tongotongo? Kuna doa jeupe juu ya sehemu nyeusi? Kuna kitu kilikuingia, pumba, mchanga, jani la mahindi? Unavaa lenzi? Mgonjwa ni mtoto mchanga? Jibu la ndiyo kwa swali lolote kati ya haya lina maana kwamba mtu huyo hatakiwi kupewa kichupa na kuagwa. Anatakiwa kwenda anakoweza kupimwa siku hiyohiyo. Majibu yote yakiwa hapana, anachohitaji ni maji safi, kitambaa safi na subira ya wiki moja. Maduka ya dawa muhimu yalipoanzishwa Tanzania, yakianzia mkoa wa Ruvuma mwaka 2003, nia ilikuwa kumpata muuzaji aliyefundishwa, anayejua anachouza na anachotakiwa kukataa kuuza. Kuuliza maswali haya ni sehemu ya kazi aliyosomea.

Ili ieleweke kwa nini naing'ang'ania antibayotiki itunzwe, tazama kinachotokea kwenye kidonda chenyewe cha kioo cha jicho. Kioo cha jicho ni chembamba, katikati hakizidi sana nusu milimita. Hakina mishipa ya damu, na ndiyo maana kinapitisha nuru. Lakini kwa sababu hiyohiyo chembe nyeupe za damu huchelewa kukifikia pale bakteria wanapoingia kupitia mkwaruzo. Pseudomonas aeruginosa, bakteria anayependa maji na vyombo vya lenzi, hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha nyuzi za kioo, na jicho lililokuwa zima mwanzoni mwa wiki linaweza kutoboka kabla wiki haijaisha. Tiba yake haina mchezo: tone moja kila saa, usiku na mchana, kwa siku 2 za mwanzo, muuguzi akimwamsha mgonjwa saa nane za usiku na tena saa tisa. Dawa inayotegemewa mara nyingi ni ya kundi la fluorokwinoloni, kama siprofloksasini au moksifloksasini, ambayo hukishika na kukikwamisha kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kukunjua na kukunja vinasaba vyake. Bakteria sugu amebadilisha umbo la kimeng'enya hicho, au amejenga pampu za kuitapika dawa nje kabla haijafanya kazi. Hapo daktari hulazimika kutengeneza matone makali mwenyewe kutoka kwenye vichupa vya sindano, sefazolini au vankomaisini au tobramaisini, yanayotakiwa kukaa kwenye jokofu na yanayoharibika baada ya siku chache. Hospitali kubwa ya rufaa inaweza. Kituo cha afya ambacho umeme wake hukatika hakiwezi. Na hata kidonda kikipona, huacha kovu, na kovu katikati ya kioo ni upofu wa jicho hilo, labda apatikane mtu wa kuchangia kioo chake akifa.

Kwamba usugu huu umeshaingia machoni halina ubishi. Nchini Marekani upo ufuatiliaji wa bakteria wa macho, unaojulikana kama ARMOR, ulioanza mwaka 2009. Katika miaka 10 ya mwanzo, theluthi moja hivi ya Stafilokokasi aurea waliochukuliwa kwenye macho walikuwa wa aina sugu kwa methisilini, na miongoni mwa ndugu zake wanaoishi kwenye ngozi na kope, karibu nusu. Wengi wa hao walikuwa wanazishinda dawa za makundi 3 au zaidi.

Hapa ndipo daktari wa macho mwenyewe anaponikatiza, na hoja yake ni nzito kuliko zote. "Maabara hupima usugu kwa kiwango cha dawa kinachoweza kufika kwenye damu," anasema. "Mimi dawa naitia moja kwa moja jichoni. Tone la siprofloksasini la asilimia 0.3 lina mikrogramu 3,000 kwa kila mililita, wakati maabara humwita bakteria sugu akishinda mikrogramu chache tu. Wapo wagonjwa ambao karatasi ya maabara ilisema dawa haitafaa, wakapona kwa dawa hiyohiyo. Usiwatishe watu kwa takwimu za karatasi." Anasema kweli, na anayeipuuza hoja hii haijui tiba ya macho. Lakini mikrogramu 3,000 ni zile zilizomo kichupani. Tone moja lina mikrolita 50 hivi, na jicho haliwezi kubeba zaidi ya 30. Zilizobaki huteremka shavuni. Machozi huizimua dawa, kupepesa huisukuma nje, na baada ya dakika chache kilichobaki ni sehemu ndogo, ambayo nayo inatakiwa ipenye kioo mpaka waliko bakteria.

Ushahidi wa wagonjwa nao upo. Jaribio kubwa la tiba ya vidonda vya kioo lililojulikana kama SCUT lilikuwa na wagonjwa 500, wengi wao wakitibiwa katika hospitali za Aravind kusini mwa India, na wote walitiwa moksifloksasini. Watafiti walipima kiwango kidogo kabisa cha dawa kilichotosha kumzuia kila bakteria asikue. Kadiri kiwango hicho kilivyokuwa juu, kidonda kilichelewa kufunga na kovu likawa kubwa zaidi. Maana yake ni kwamba mgonjwa huanza kupata hasara kabla bakteria wake hajafikia mstari ambao maabara inamwita sugu. Kisha wakatazama wagonjwa waliokuwa wamekwisha kutia matone ya fluorokwinoloni kabla ya kufika hospitali. Bakteria wao walihitaji dawa kiasi cha mara 2 ya ile iliyotosha kwa wengine. Mtu anaweza kusema kwamba huenda dawa ile ya mwanzo iliua dhaifu wote ikabakiza wakakamavu, ndiyo maana wakaonekana hivyo. Namkubalia kabisa. Hivyo hasa ndivyo usugu unavyochaguliwa, na yanayotokea ndani ya jicho la mtu mmoja hutokea pia katika mtaa mzima.

Yupo anayeona nakuza jambo dogo. "Tone ni tone," anasema. "Kuku na ng'ombe wanapewa antibayotiki kwa mifuko, watu wanameza vidonge kama karanga, wewe unahangaika na kichupa cha mililita 5." Kwa wingi wa dawa, hanidanganyi, usugu mwingi wa vimelea duniani hautoki kwenye matone ya macho, na juhudi za kuudhibiti usugu huo, ambao Tanzania huutaja kwa kifupi cha UVIDA, lazima zianzie kwenye vidonge na mifugo. Ila bakteria wanaolishambulia jicho hutoka karibu: kwenye kope, kwenye ngozi, puani. Hao ndio wanaoogeshwa na tone. Watu wanaochomwa sindano ndani ya jicho mara kwa mara kwa maradhi ya retina walikuwa wakipewa matone ya antibayotiki kila wanapochomwa, kwa nia njema ya kuzuia maambukizi. Watafiti wakalichukua jicho la pili la mtu yuleyule, ambalo halikutiwa kitu, walilinganishe na lililotiwa. Kwenye jicho lililotiwa dawa bakteria wa kawaida walikuwa wamegeuka sugu, na si kwa dawa moja tu. Maambukizi yenyewe hayakupungua, na madaktari wengi wameiacha desturi hiyo. Tena tone haliishii jichoni. Aliyewahi kutiwa klorafenikoli anaujua ule uchungu unaofika kooni baada ya muda. Ni dawa iliyoteremka kwa mfereji wa machozi hadi puani na kooni, wanakoishi bakteria wa nimonia.

"Mbona basi hamsemi kitu kuhusu vikope?" anauliza mtu wa kampeni ya trakoma, na swali lake ni la haki. Kijiji kizima hugawiwa azithromaisini, wazima kwa wagonjwa, mwaka hadi mwaka. Kongwa, mkoani Dodoma, ambako trakoma imechunguzwa kwa miongo kadhaa, ilionekana kwamba baada ya ugawaji bakteria wa nimonia waliomo puani mwa watoto walizidi kuwa sugu kwa dawa hiyo kwa muda. Ethiopia nako usugu ulipanda, kisha ukashuka ugawaji uliposimama. Je, nami niipinge kampeni hiyo? Siipingi. Klamidia anayesababisha vikope bado hajaonyesha usugu wa kuiangusha dawa. Malawi ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kuwa imeitokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii, na Burundi ikafuata mwaka 2025. Hapo usugu ni bei inayojulikana, inayopimwa, inayolipwa kwa muda maalumu, na kinachonunuliwa ni macho ya maelfu ya watu. Kichupa kinachouzwa kwa kila jicho jekundu hakina mwisho wa ugawaji, hakuna anayepima athari zake, na kinachonunuliwa tumekwisha kukiona kwa watoto wa Oxford.

Hoja inayonigusa zaidi ni ya watu wa mbali na hospitali. "Huku kwetu daktari wa macho yuko mkoani," wanasema. "Mtu akikwaruzwa na mpunga wakati wa kupura, bora hilo tone kuliko kukaa bure." Kwa mkwaruzo, wana hoja, na hapa antibayotiki ina mahali pake. Bhaktapur, Nepal, wahudumu wa vijiji walifundishwa kuutambua mkwaruzo wa kioo na kuutibu kwa malhamu ya klorafenikoli ya asilimia 1, mara 3 kwa siku kwa siku 3. Hakuna aliyetibiwa ndani ya saa 18 aliyepata kidonda. Utafiti mkubwa zaidi uliofuata nchini humohumo haukuona vidonda vikipungua katika vijiji vyenye wahudumu kama hao, kwa hiyo suala halijafungwa. Hata hivyo kwa mkwaruzo uliothibitishwa mimi sitamnyima mkulima malhamu. Neno zito ni hilo, uliothibitishwa. Kipande cha karatasi chenye rangi ya fluoresini hulowanishwa kwa tone la maji safi, hugusishwa ndani ya kope la chini, na tochi yenye mwanga wa bluu hufanya mkwaruzo uwake kijani. Muuguzi wa zahanati hujifunza kazi hii kwa muda mfupi. Pesa tunazotumia kwa vichupa visivyo na kazi zingetosha kuweka karatasi hizo na tochi katika zahanati nyingi sana.

Bila kipimo hicho, tone la kubahatisha linaweza kumpofusha huyohuyo tunayemhurumia. Mbarara, Uganda, ambako wagonjwa wa vidonda vya kioo walifuatiliwa kwa makini, zaidi ya nusu ya vidonda vilikuwa vya fangasi, na antibayotiki haimfanyi fangasi lolote. Mkulima anatia, anasubiri, anabadilisha kichupa, anaongeza dawa ya kienyeji, huku fangasi akichimba. Wengi walifika hospitali wiki zaidi ya 2 baada ya kuumia. Kibaya zaidi ni yale matone yaliyochanganywa steroidi. Wekundu hupungua siku ya kwanza, mgonjwa anasifu dawa, na fangasi anapata nafasi ya kustawi bila kizuizi. Matone ya steroidi yasingetakiwa kutoka dukani bila cheti, na kwa hili sioni kama kuna upande wa pili.

Tena kabla ya kumwambia mtu wa mbali kwamba hana njia nyingine, tuangalie iodini. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Kikuyu, Kenya, kwa watoto wachanga 3,117. Tatizo lilikuwa maambukizi ya macho ambayo mtoto huyapata akizaliwa, kikiwemo kisonono, ambacho tayari kilikuwa kimeizoea tetrasaiklini na dawa nyingine. Iodini ya povidoni ya asilimia 2.5 ilizuia maambukizi vizuri kuliko nitrati ya fedha na malhamu ya erithromaisini zilizolinganishwa nayo. Ni rahisi kwa bei, huua virusi, fangasi na bakteria, na kwa kuwa huunguza sehemu nyingi za kimelea kwa mpigo, bakteria hawajapata njia ya kuwa sugu kwayo. Miaka ya karibuni iodini ya asilimia 1.25 ilijaribiwa India na Ufilipino kutibu vidonda vya kioo, ikaonekana haikuachwa nyuma na antibayotiki za kawaida. Kuna hatari moja lazima itajwe: ile iodini ya kusafishia vidonda vya ngozi ni kali mno na haifai kutiwa jichoni, ya macho huzimuliwa na mtaalamu. Inashangaza kwamba jaribio lililofanyika hapa kwetu, kwa watoto wetu, halijatufanya tuidai dawa hii kwa sauti kubwa zaidi.

Anayebaki ni mwenye matumaini kwamba dawa mpya zitakuja. Kwa jicho, zimekuja kwa nadra sana. Karibu zote tunazotia zilibuniwa kwa ajili ya mapafu, damu au mkojo, zikaazimwa. Na wakati mwingine kimelea hutangulia. Mwaka 2023 nchini Marekani, matone ya kulainisha macho yaliyotengenezwa India yalikutwa na Pseudomonas aliyeshinda karibu dawa zote zilizopimwa, wa aina ambayo haikuwahi kuonekana nchini humo. Wagonjwa 81 walihesabiwa katika majimbo 18. Watu 14 walipoteza uwezo wa kuona, 4 waling'olewa jicho, na 4 walikufa. Hayo yametokea katika nchi yenye maabara na dawa kuliko nyingi duniani.

Kwa hiyo namsihi anayesoma. Jicho likiwa jekundu na linawasha bila kuuma, na unaona vizuri, lioshe kwa maji safi, nawa mikono, kaa na taulo lako, na lipe siku 7 kabla ya kununua kitu. Likiuma, likishindwa kutazama mwanga, likiona ukungu au likiwa na doa jeupe, au mgonjwa akiwa mtoto mchanga au mvaa lenzi, usipitie dukani. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama umekwisha kutia dawa yoyote, beba na kichupa chake, hata kama ni kitupu, umkabidhi daktari kabla hajaanza kukutibu.